Kipimo cha Uteuzi

Mwaka 1995, mjini Reno, Marekani, Efren Reyes wa Ufilipino na Earl Strickland wa Marekani walikuwa sare, 12 kwa 12, katika biliadi ya matufe tisa. Mchezo mmoja ulibaki kuamua. Strickland alilificha tufe jeupe, hata tufe la 5, ambalo kwa sheria lilipasa kuguswa kwanza, halikuweza kufikiwa moja kwa moja. Kulikosa kungalimpa Strickland haki ya kuliweka jeupe popote apendapo. Na kwa fundi kama yule, hapo pangalikuwa karibu na mwisho. Reyes akapiga. Jeupe likagonga kingo mbili, likarudi, likalitumbukiza la 5. Akashinda.

Je, lau lingalipotoka kidogo, uteuzi ule ungalikuwa mbaya? Aghalabu watu husifu matokeo wakidhani wanasifu akili. Lakini jicho lililopima pembe lilimaliza kazi yake kabla fimbo haijasogea. Yaliyofuata yalikuwa pia katika amri ya kitambaa na kingo. Strickland naye alijihami vema, akashindwa. Amlaumuye kwa pigo lile hana budi kuonyesha lingine ambalo, saa ile, lingalifaa zaidi.