Towashi katika njia ya kurudi
Somo: Matendo 8:26-40



Somo letu ni habari za mtu aliyefanya safari ambayo wengi hawaifanyi hata mara moja maishani. Alitoka Kushi, ufalme wa Meroe kando ya mto Nile, katika nchi tunayoiita leo Sudan, akaenda mpaka Yerusalemu kuabudu. Ni mwendo wa wiki nyingi. Alikuwa mkubwa serikalini, mtunza hazina ya malkia. Lakini alikuwa towashi, na Torati (Kumbukumbu 23:1) ilimzuia mtu kama huyo asiingie katika mkutano wa Bwana. Luka hatuambii alipokelewaje kule. Tunamkuta ameshageuka, yuko katika barabara ya jangwa iendayo Gaza, ameketi garini akisoma chuo asichokielewa.

Watu wa barabara hiyo tunawajua. Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia sahihi amri ya kusimamisha mpango wa kupokea wakimbizi, na safari zilizokwisha kupangwa zikafutwa. Mwaka 2017 pia ilitokea. Watu wamemaliza mahojiano, vipimo na mafunzo, wamengoja miaka kumi na zaidi. Kitanda kimeuzwa, sufuria zimegawanywa, watoto wameaga shuleni, kanisa limewaombea na kuwaimbia. Kisha wanaambiwa warudi. Kutoka Lilongwe mpaka hapa Dzaleka ni kilomita 40 na kitu tu, lakini kwa aliyeondoka akijua harudi tena, ni mbali kuliko Uvira. (Barabara hiyo hiyo ndiyo iliyowarudisha wenzetu wa maduka ya mjini mwaka 2023, serikali ilipoagiza wakimbizi wakae kambini.)

Tuseme kweli: towashi alikuwa akirudi kwake, penye kazi na heshima. Sisi tunarudi mahali tulipokwisha kupaaga. Kambi hii ilifunguliwa mwaka 1994, ikapangiwa watu 10,000 hadi 12,000, na sasa tumepita 50,000. Nafasi uliyoiacha haikungoji.

Sasa mtazameni Filipo. Mungu hakumtuma hekaluni, alimtuma barabarani. Alikimbia akalifikia gari, akasikiliza kwanza, akauliza swali moja, akapanda alipoalikwa, akaketi. Hakuanza kwa kusema, "Usijali, Mungu ana mpango." Neno hilo ni la kweli, lakini likisemwa na mtu aliyesimama mlangoni, mkono ukiwa bado kwenye baiskeli, linachoma.

Alianzia pale pale alipokuwa akisoma yule mtu: habari za mwenye haki aliyenyimwa haki yake akanyamaza, Isaya 53. Tena katika chuo hicho hicho, mbele kidogo, katika sura ya 56, Bwana anawaahidi towashi na mgeni mahali ndani ya nyumba yake. Hatuwezi kuamini kwamba mtu yule aliacha kusoma kabla ya kufika hapo. Walipoyaona maji, akauliza ni nini kinachomzuia asibatizwe. Kwa mtu aliyezuiwa maisha yake yote, hilo si swali dogo. Hakuzuiwa na kitu. Akaendelea na njia ile ile ya jangwa, gari lile lile, akifurahi.

Wapendwa, wako kati yetu ambao masanduku yao hayajafunguliwa mpaka leo. Aliyenunua mbabula yao kwa bei ya haraka na bado anayo, awarudishie kwa bei ile ile. Aliyepewa godoro bure anajua la kufanya. Akina mama wa maombi, pelekeni ufa kabla ya kupeleka mistari. Walimu wa shule ya Jumapili, mtoto aliyeaga asiulizwe mbele ya wenzake, "Mbona mmerudi?" Wenye kwaya, nafasi zao kwenye mstari ziko pale pale, na sauti ya tatu imepungukiwa tangu walipoondoka.

Majina hayatasomwa ibadani. Wazee wa kila mtaa wanawajua, nao wataanza kuwatembelea Jumatano baada ya maombi ya asubuhi. Anayetaka kwenda nao aje na kiti chake, kwa maana nyumba nyingine hazina tena pa kukalia.