Nani Amebaki Nyumbani?

Andiko: 2 Samweli 4:4 na 9:1-13



Andiko linatuonyesha Mefibosheti, mwana wa Yonatani. Alikuwa na miaka mitano wakati habari mbaya za vita zilipofika. Mlezi wake alimbeba akakimbia, na katika haraka ile mtoto akaanguka, akawa kilema wa miguu yote miwili. Sisi wa Eringeti hatuhitaji mtu wa kutufasiria jambo hili. Tangu Oktoba 2014 mauaji yametukimbiza mara nyingi katika barabara hii ya Beni na Komanda. Tunajua jinsi mtoto anavyoanguka.

Miaka ikapita, Mefibosheti akiishi Lodebari katika nyumba ya mtu mwingine. Daudi hakungoja aje mwenyewe. Aliuliza nani amebaki, akatuma watu wamlete, akamkalisha mezani pamoja na wana wa mfalme. Tuangalie sana mwisho wa sura: alikuwa angali kilema. Hakuponywa kwanza ndipo akaribishwe.

Hapa sisi mashemasi tunatubu mbele yenu. Mama mmoja alituletea mtoto wake kiziwi wa miaka minne. Tulimwekea mikono, tukafunga siku tatu, tukamwambia mama: ngoja, kumpeleka masomoni ni kukosa imani. Mama akatutii. Leo mtoto ana miaka tisa. Anafukuza kuku kwenye kakao iliyoanikwa, wenzake wakiwa masomoni. Hana hata ishara za kumwambia mama yake mahali panapomuuma. Mungu angali anaweza kumponya, nasi tunaendelea kuomba. Lakini ile miaka ambayo mtoto anashika lugha upesi, sisi ndio tuliompotezea. Tusimsingizie Shetani.

Tujue pia sheria ya inchi yetu. Katiba ya 2006, kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi ya serikali ni ya bure, na tangu Septemba 2019 serikali ilianza kuitimiza. Lakini maternele, masomo ya watoto wadogo, haimo katika bure hiyo. Wenzetu wa Tanzania waliondoa ada tangu 2016, hata kwa darasa la awali katika shule za serikali. Kwetu kuna sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inayolinda haki za watu wenye ulemavu. Ni sheria nzuri, lakini karatasi haibebi mtoto mgongoni. Mzazi mwenye franka kidogo anamlipia kwanza mtoto mzima. Mlemavu anabaki nyumbani. Akifikisha miaka sita, mlango wa bure unafunguka, lakini yeye hajazoea wenzake wala wenzake hawajamzoea. Wengi hawaingii kabisa.

Basi tufanye nini?

Kwanza, tuulize kama Daudi. Wiki hii mashemasi na mama wa sala wapite nyumba kwa nyumba, hata kwa ndugu wakimbizi: nani amebaki nyumbani? Mtoto asifichwe. Wanafunzi walipodhani upofu wa mtu ni malipo ya dhambi, Yesu alikataa (Yohana 9:1-3).

Pili, tufungue meza. Kanisa letu liko tupu asubuhi, Jumatatu mpaka Ijumaa. Tunaomba wazee wakubali watoto wa miaka mitatu hadi mitano wakusanyike humo bila malipo, wazima na walemavu kwenye mkeka mmoja. Mwalimu atafutwe, naye akubali kujifunza ishara za viziwi.

Tatu, tuwe Siba. Mefibosheti hakulipa chakula, lakini Siba, wanawe 15 na watumishi 20 waliagizwa kumlimia shamba. Bure ya mmoja ni jasho la wengine. Mwenye kakao atoe kilo moja wakati wa mavuno. Aliyeacha shamba lake kwa sababu ya vita atoe mikono: apike uji, ambebe mtoto asiyetembea.

Jumapili ijayo tutauliza tena mbele ya kanisa lote. Mtu asije na jibu la mdomo tu. Aje na mtoto.

Bwana atusaidie. Amina.