Haki ya Kuijua Dawa Yako

Ugonjwa wa mtu ni siri yake. Neno hili twalikiri sote, lakini twalisahau mara tukutanapo na mgonjwa asiyeona. Mfikirie, msomaji, mama mzee aliyepofuka kwa kisukari, arudiye kutoka zahanati na bahasha tatu ndogo za karatasi. Ndani mna vidonge vyeupe vya mviringo. Juu yake mtoa dawa ameandika kwa kalamu "1 x 3" au "1 x 1". Kwa vidole vyake bahasha hizo ni pacha. Lakini akikosea, akameza mara mbili dawa ya kushusha sukari, sukari yaweza kushuka mno hata akazimia.

Watu wema husema, "Mjukuu atamsomea." Wema huo siubezi. Walakini mjukuu huenda shule, na jirani ana ulimi. Tena yako maradhi ambayo mtu hapendi kumwambia hata mwana aliyemzaa. Je, ni haki anunue uzima wake kwa siri yake? Naona si haki. Msaada ni mtamu kwa auombaye kwa hiari. Alazimishwaye kuuomba kila asubuhi huonja kifungo.

Huko Ulaya jambo hili limetungiwa sheria. Mwaka 2004 Umoja wa Ulaya uliagiza jina la dawa liandikwe juu ya kasha kwa Breli, yaani zile nukta za kupapaswa alizozibuni Louis Braille, kijana kipofu wa Ufaransa. Ni hatua njema, ila haitoshi: jina halisemi vidonge vingapi wala mara ngapi. Fauka ya hayo, wengi waliopofuka uzeeni hawakujifunza Breli, na kisukari chenyewe huweza kutia vidole ganzi.

Nchini Kenya, Kifungu cha 54 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia Breli au njia nyingine ya mawasiliano imfaayo. Usidhani njia hiyo lazima iwe mtambo wa ghali. Mtoa dawa aweza kufunga mpira mmoja kwenye bahasha ya dawa ya sukari, miwili kwenye ya shinikizo la damu, na ya tatu akaiacha tupu. Au akanena maagizo yake ndani ya simu ya mgonjwa, ayasikilize peke yake nyumbani. Kisha ampe bahasha mkononi, amwambie, "Hebu nieleze, mama, hii ni ipi?" na amngoje ajibu, hata kama foleni ni ndefu.