Kuvunja Neno la Kupanga Nyumba Kabla ya Kutia Sahihi

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyehalalisha biashara na ijara, akaharamisha dhuluma. Na rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, na jamaa zake na masahaba zake wote.

Amma baad. Enyi ndugu zetu Waislamu, kuna jambo ambalo wengi wetu twaliona dogo, na mbele ya Mwenyezi Mungu si dogo. Tupige mfano ili lifahamike.

Mtu wa pwani amesafiri kutafuta riziki, amefika Issenye, katika wilaya ya Serengeti mkoani Mara. Ameona chumba na mahali pa kufungua duka. Amekubaliana na mwenye nyumba juu ya kodi na muda, wakaambiana kwamba karatasi wataiandika siku ya Jumatatu. Mwenye nyumba akawarudisha wengine waliokuja kuuliza. Jumapili usiku mtu wetu akasikia kwamba Mugumu kuna chumba cha rahisi zaidi, akaenda zake bila ya kuaga. Akiulizwa, asema: "Sikutia sahihi, basi sina deni." Je, asema kweli?

Jawabu yataka tupambanue mambo mawili: ahadi na akdi.

Ahadi ni neno la wakati ujao. Mmoja asema, "Nitakupangisha," na wa pili asema, "Nitachukua." Akdi ni neno lililokwisha. Mmoja asema, "Nimekupangisha nyumba hii mwaka mmoja kwa kiasi kadha," na wa pili asema, "Nimekubali." Hapo ijabu imekutana na kabuli. Ikiwa nyumba yajulikana, kodi yajulikana na muda wajulikana, basi ijara imefungika. Karatasi na wino ni ushahidi wa akdi. Si akdi yenyewe. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuandika madeni katika aya ya 282 ya Sura ya Al-Baqara ili kusiwe na shaka wala ugomvi, wala hakutuamrisha ili apatikane mtu wa kusema, "Maadamu haijaandikwa, haikuwa."

Basi atazame kila mtu ulimi wake ulisema nini. Ikiwa ulisema "nimekubali" baada ya kusikia "nimekupangisha," jambo limekuwa zito. Imamu Nawawi katika Minhaj asema kwamba kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafii ni kuwa ijara haina khiyari ya kikao, kinyume cha kuuza na kununua. Tena asema kwamba ijara haivunjiki kwa udhuru wa mtu mwenyewe. Akatoa mfano wa aliyekodi hamamu kisha akakosa kuni, na wa aliyekodi mnyama wa safari kisha akaugua. Ikiwa ugonjwa haukuvunja akdi, chumba cha rahisi cha Mugumu kitaivunjaje? Ila ikidhihiri aibu katika nyumba yenye kupunguza manufaa yake, kama paa livujalo lililofichwa, hapo mpangaji ana khiyari.

Na ikiwa ulimi ulisema "nitachukua" tu, hiyo ni ahadi. Wanazuoni wengi, naye Imamu Shafii ni mmoja wao, wamesema kutimiza ahadi ni sunna iliyotiliwa nguvu, na kuivunja bila ya udhuru ni karaha kubwa. Na katika wafuasi wa Imamu Malik wako waliosema kwamba ahadi iliyomtia mwenzio katika gharama yalazimu. Nani atafurahi kusimama kwenye karaha hiyo? Mtume (s.a.w.) ametuonya, katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, kwamba kuvunja ahadi ni katika alama tatu za mnafiki.

Huenda mtu akanong'ona moyoni: "Yule ni mtu wa bara, wala si Mwislamu, neno langu kwake si zito." Ewe ndugu yangu, mwogope Mola wako! Mtume (s.a.w.) alipohama Makka mwaka 622, yeye na Abubakar walimwajiri kiongozi wa njia, mtu wa Bani Dil aliyekuwa bado katika dini ya Makureshi. Bukhari ameiweka habari hii katika mlango wa Ijara. Walimkabidhi ngamia wao wawili, wakaagana wakutane penye pango la Thaur baada ya siku tatu. Karatasi haikuwako. Na katika siku zile zile Makureshi walitangaza zawadi ya ngamia mia kwa atakayewaleta. Mtu yule angeweza kutajirika kwa neno moja. Hakulisema. Siku ya tatu asubuhi alifika na wale ngamia wawili.

Basi tazama: asiyekuwa Mwislamu alishika neno lake mbele ya ngamia mia, na sisi twalitupa letu kwa shilingi kidogo za tofauti ya kodi! Watu wa Issenye watakaposema, "Hao ndio Waislamu wa pwani," dhambi ya kuitia dini aibu itakuwa juu ya nani?

Wala sheria ya nchi haikumsaidia mtu huyu kama anavyodhani. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya mwaka 1999 yataka mikataba ya ardhi iandikwe na kutiwa sahihi, lakini imekubali kwamba upangaji wa muda usiozidi mwaka mmoja waweza kuwa wa mdomo.

Ama fedha ya kushika nyumba, yaani arbuni, wanazuoni wamekhitalifiana. Katika madhehebu yetu, sharti la kwamba mtoaji akirudi nyuma fedha imepotea ni batili, kwani imepokewa hadithi ya kulikataza. Imamu Ahmad amelijuzisha, kwa habari ya nyumba ya Safwan bin Umayya iliyonunuliwa Makka kwa ajili ya Sayyidna Umar kwa dirhamu 4,000, kwa sharti kwamba Umar asiporidhia Safwan atapata 400. Na Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu katika mwaka 1993 ilijuzisha arbuni muda wa kungoja ukiwekewa mpaka. Basi lililo salama ni kuambiana tangu mwanzo: fedha hii ni ya nini, na itarudi au haitarudi.

Nawe mwenye nyumba, usijidhani umeepukana. Ukisha kumpa mtu neno, kisha akaja mwingine mwenye kilemba kikubwa ukampa ufunguo, umefanya lile lile. Na dalali anayekushawishi ana sehemu yake katika dhambi.

Basi afanye nini mwenye udhuru wa kweli? Kwanza, aende mwenyewe, au apeleke habari upesi, kabla wengine hawajarudishwa. Pili, aseme sababu yake ya kweli, asibuni msiba usiokuwako. Tatu, ikiwa akdi ilikwisha, aombe kuachiliwa, wala asikimbie. Nne, ikiwa mwenye nyumba amepata hasara kwa ajili yake, amridhishe. Naye mwenye nyumba akimwachilia, atarajie fadhila iliyotajwa katika hadithi ya Abu Daud, kwamba mwenye kumwachilia Mwislamu katika biashara yake Mwenyezi Mungu atamwachilia kosa lake. Na ambaye hajaamua, aseme, "Nipe siku mbili nifikiri." Neno hilo halina aibu, na lamwepusha na mengi.

Ewe Mola wetu, tuhifadhi na ulimi unaotangulia nia, na utujaalie tuwe waaminifu mjini na ugenini, kwa Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Amin.

Wallahu aalam.