Kushika na Kuachia: Swali la Kadiri katika Uteuzi wa Klachi

Klachi ni kiungo kinachosimama kati ya injini na giaboksi, na kazi zake ni mbili zinazopingana: kuzishika sehemu hizo mbili zizunguke kama kitu kimoja, na kuziachia zitengane pindi dereva anapokanyaga pedeli. Kwa hiyo mtu anayetafuta klachi imara zaidi kwa gari lenye nguvu nyingi, ambalo hata hivyo huliendesha kila siku kwenda kazini na kurudi nyumbani, hujikuta mbele ya swali ambalo wanafalsafa wa maadili wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 2,000: je, kitu kilichoundwa kwa ajili ya kazi mbili zinazopingana kinaweza kufanywa bora kwa kuongezewa uwezo wa kutenda moja tu kati yake? Jibu linalotetewa hapa ni kwamba hakiwezi, na kwamba anayechagua klachi kwa kutazama ukubwa wa nguvu inayoweza kushika, bila kuuliza inaachia vipi na inaachia mara ngapi, amekosea katika kuelewa kitu chenyewe kabla hajakosea katika matumizi ya fedha zake.

Mfano unaofaa ni Subaru Impreza WRX STI, gari linalofahamika vyema katika barabara za Kenya na Tanzania, ambako liliingia kwa wingi likiwa limetumika Japani. Kwa miaka mingi watengenezaji wa magari wa Japani waliheshimu mapatano yasiyo rasmi ya kutotangaza nguvu inayozidi nguvu-farasi 280 kwa gari linalouzwa nchini humo, na mapatano hayo yalipofikia kikomo mwaka 2004, namba zilianza kupanda. STI ya mwaka 2007 ilitangazwa kuwa na nguvu-farasi 308 na torki, yaani nguvu ya kuzungusha, ya nyutoni-mita 422. Mwenye gari hilo akibadilisha tabo (turbo) na kuipanga upya kompyuta ya injini, torki hupita 500 bila shida kubwa, na hapo ndipo klachi ya kiwandani huanza kuteleza: injini inapiga mizunguko mingi, mlio unapanda, lakini mwendo wa gari hauongezeki. Mafundi husema klachi imeisha, ingawa mara nyingine haijaisha bali imezidiwa.

Uwezo wa klachi hutokana na mambo manne ambayo huzidishwa pamoja. La kwanza ni nguvu ambayo presha pleti, yaani bamba lenye springi kali, huitumia kuibana sahani ya msuguano dhidi ya flaiwili, gurudumu zito lililofungwa mwishoni mwa krenki, shafti kuu ya injini. La pili ni kizigeu cha msuguano, namba inayoonyesha jinsi nyuso mbili zinavyong'ang'aniana. La tatu ni idadi ya nyuso zinazogusana, na la nne ni umbali wa wastani kutoka katikati ya sahani hadi mahali msuguano unapotokea. Ikiwa nguvu ya kubana ni nyutoni 8,000, kizigeu ni 0.3, nyuso ni mbili na umbali huo ni sentimita 10, klachi itashika hadi nyutoni-mita 480, na zaidi ya hapo itateleza. Umbali hauwezi kuongezwa sana kwa sababu nafasi ndani ya kasha la giaboksi ni ileile, na hivyo zinabaki njia tatu, ambazo kila moja humdai dereva malipo yake.

Anayeongeza nguvu ya kubana huongeza pia uzito wa pedeli, kwa kuwa springi anayoikanyaga dereva ili kuachia ndiyo hiyohiyo inayobana. Gharama hiyo huonekana kwenye goti la mguu wa kushoto, lakini ipo nyingine isiyoonekana: kila pedeli inapokanyagwa, krenki nzima husukumwa kuelekea upande mmoja, na msukumo huo hubebwa na beringi ndogo iliyowekwa kuizuia krenki isisogee, ambayo huteseka zaidi injini inapowashwa asubuhi huku pedeli imekanyagwa na oili haijafika. Anayechagua kizigeu kikubwa zaidi huacha sahani ya oganiki, iliyotengenezwa kwa nyuzi zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na kuchukua sahani yenye vipande vya seramiki na metali, ambayo hustahimili joto vizuri sana lakini hung'ata ghafla. Sahani ya kawaida ina springi nyembamba zenye umbo la mawimbi, zilizofichwa kati ya nyuso zake mbili, na ni hizo zinazompa dereva ile nafasi ya sentimita chache za pedeli ambamo gari linaanza kujongea polepole. Katika sahani nyingi za vipande springi hizo hazipo, na gari huondoka kwa kuruka au kwa kutetemeka. Njia ya tatu, ya kuongeza sahani ya pili ili nyuso ziwe nne, huzidisha uwezo maradufu bila kuongeza uzito wa pedeli, na kwa hakika ndiyo njia yenye akili kuliko zote, ila bei yake ni kubwa na sahani hizo mara nyingi hupiga kelele pedeli inapokanyagwa.

Ni muhimu kuelewa kinachotokea ndani ya klachi katika foleni, kwa sababu huko ndiko gari la kila siku linakoishi. Gari lenye uzito wa kilo 1,500 linapotoka kusimama hadi mwendo wa kilomita 10 kwa saa hupata nishati ya mwendo ya karibu jouli 5,800, na ikiwa dereva ameishikilia injini kwenye mizunguko ileile hadi klachi iache kuteleza, joto linalozaliwa kwenye nyuso za msuguano hulingana na kiasi hicho. Barabara ikiwa na mlima, joto huzidi. Kusogea mara moja si kitu, lakini katika foleni ya jioni ya Barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ambapo magari husogea urefu wa gari moja, husimama, kisha husogea tena, klachi huulizwa swali lilelile mamia ya mara, na swali lenyewe si nguvu kiasi gani inaweza kushika, bali ni kwa upole gani inaweza kuteleza. Kuteleza, ambako katika mwendo wa kasi ni dalili ya ugonjwa, katika kuondoka ndiyo kazi yenyewe. Klachi isiyoteleza kamwe si klachi iliyokamilika. Ni kiungo kilichofungwa kwa bolti.

Aristotle alifundisha kwamba wema wa kitu chochote hupimwa kwa kazi yake mahususi, na kwamba fadhila za binadamu hukaa katikati ya kuzidi na kupungua. Fundisho hilo limeeleweka vibaya mara nyingi, kana kwamba linahimiza kila mtu achukue nusu ya kila kitu. Katika kitabu chake cha maadili chenye jina la Nikomako, yeye mwenyewe alilifunga dirisha hilo kwa mfano wa Milo, mwanamieleka mashuhuri wa mji wa Croton: ikiwa mina kumi za chakula (mina ni kipimo cha uzito cha Wagiriki) ni nyingi mno na mbili ni chache mno, haifuati kwamba mwalimu wa mazoezi ampe kila mwanafunzi sita, kwa kuwa sita zitakuwa kidogo kwa Milo na nyingi kwa anayeanza. Kadiri hutafutwa kwa kumtazama mtu na hali yake, na anayeweza kuiona ni mwenye busara, yaani mwenye uwezo wa kupima jambo mahususi lililo mbele yake. Klachi ya daraja la kati iliyochukuliwa kwa sababu tu iko katikati ya orodha ya bei ni zile mina sita, haijachaguliwa, imeangukiwa.

Hoja inayopingana na haya ina nguvu na haifai kupuuzwa. Husemwa kwamba uimara wa ziada haumdhuru mtu, kwamba mjenzi wa daraja huliwekea uwezo wa kubeba mara kadhaa ya uzito unaotarajiwa na hakuna anayemlaumu, na kwamba heri kuwa na klachi ya nyutoni-mita 900 usiihitaji kuliko kuihitaji usiwe nayo. Kosa la hoja hii liko katika kulinganisha vitu vya aina mbili tofauti. Daraja lina kazi moja, nayo ni kubeba. Halitakiwi hata siku moja kuachia kwa makusudi, na hivyo kila kinachoongezwa kwenye kubeba huongezwa kwenye wema wake. Klachi haiko hivyo, wala hazina hali hiyo tabia nyingi za binadamu. Hakimu hutakiwa kushikilia sheria na pia kujua pale ambapo udhuru wa mtu unakubalika. Mzazi hutakiwa kuzuia na kuruhusu. Anayeshika funga hutakiwa kufuturu jua likizama, wala kuendelea kwake na njaa baada ya hapo hakuhesabiwi kuwa ucha Mungu zaidi. Katika mambo ya namna hii ziada upande mmoja ni upungufu upande wa pili.

Lipo pia suala la nani ataumia. Katika mnyororo wa viungo vinavyopeleka nguvu kutoka injini hadi magurudumuni, kiungo dhaifu kuliko vyote ndicho kinachoamua nguvu itokee wapi inapozidi, na katika gari la kiwandani klachi imewekwa karibu na nafasi hiyo: inateleza, inaungua, inanuka, na kwa kufanya hivyo inaziokoa gia. Mwenye Impreza ya giaboksi ya gia tano, ambayo mafundi wameijua kwa muda mrefu kuwa dhaifu kuliko ile ya gia sita iliyoletwa kwenye STI mwaka 2000, akifunga klachi isiyokubali kuteleza hata injini inapoachiwa kwa pupa kwenye mizunguko 5,000, hajauondoa udhaifu. Ameuhamisha kutoka kwenye sahani inayobadilishwa kwa siku moja hadi kwenye meno ya gia. Kila uamuzi wa kuimarisha sehemu moja ni uamuzi juu ya sehemu nyingine itakayobeba mzigo, na ni jambo la kusikitisha kwamba uamuzi huo wa pili hufanywa mara nyingi na mtu asiyejua kwamba ameufanya.

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alilichukua wazo la uwiano, ambalo Ibn Miskawayh alikuwa ameliendeleza katika maadili ya Kiislamu kabla yake, na kulitia katika kitabu chake kikubwa cha Ihya Ulum al-Din, katika sehemu inayozungumzia riyadha, yaani malezi ya nafsi. Msimamo wake ni kwamba ghadhabu na matamanio hayakuwekwa ndani ya mwanadamu ili yang'olewe, kwa maana asiye na ghadhabu kabisa hawezi kujilinda wala kulinda haki. Kinachotakiwa ni yatii akili, yasonge inapoyaruhusu na yasimame inapoyazuia. Aliongeza kwamba utiifu huo haupatikani kwa kutamani bali kwa kurudia kitendo, kama anayetaka hati nzuri anavyoufuata mwandiko wa mwalimu hadi mkono wake uuzoee. Sahani mpya ya msuguano inahitaji malezi ya namna hiyo. Nyuso mbili zilizotoka kiwandani hugusana mwanzoni kwenye sehemu zilizoinuka tu, na watengenezaji wengi hushauri takribani kilomita 800 za mwendo wa mjini, wa kusimama na kuondoka bila kuibana injini, ndipo klachi iaminiwe kwa nguvu zote. Asiye na subira huunguza uso wa sahani katika siku za kwanza, ukawa kama kioo, kisha hulaumu bidhaa.

Mafundisho ya nia yana nafasi hapa vilevile, na huenda ndipo penye uzito kuliko pengine pote. Mnunuzi anayetaja mbio za mwisho wa wiki ambazo hajawahi kushiriki hajinunulii klachi yeye mwenyewe, bali humnunulia mtu anayetamani kuwa, na mtu huyo wa kufikirika hakai kwenye foleni, hapandi mlima wa Kitonga nchini Tanzania nyuma ya lori linalotambaa, wala hampi mkewe gari akampeleke mtoto hospitali usiku. Si kosa kuitamani kasi. Uhandisi mzuri ni neema, na kufurahia injini inayovuta vizuri ni kuithamini kazi ya akili na mikono ya watu. Kosa huanza pale tamaa hiyo inapotoa ushahidi wa uongo mbele ya fundi.

Kwa gari la mfano huu, lenye torki ya 500 na kidogo, linaloendeshwa mjini siku nyingi na kufunguliwa barabara kuu mara mojamoja, busara inaelekea kwenye presha pleti yenye nguvu zaidi ya ile ya kiwandani, sahani nzima ya oganiki au ya mchanganyiko wa nyuzi imara, springi za katikati zinazopokea mtikisiko wa injini, na flaiwili isiyopunguzwa uzito kupita kiasi, kwa jumla ya uwezo unaozidi torki halisi kwa takribani robo. Torki ikikaribia 700, sahani mbili zinastahili bei yake, na giaboksi nayo iingizwe kwenye hesabu kabla fedha hazijatoka mfukoni. Seramiki iachiwe gari linalobebwa kwenye lori kwenda mashindanoni. Anayeuza spea katika Kirinyaga Road ya Nairobi au Gerezani ya Dar es Salaam, ambaye mteja amemwamini kwa kuwa mwenyewe haoni kilichomo ndani ya kasha la giaboksi, amebeba amana katika jambo hili, na amana hiyo inamtaka aulize juu ya njia ambayo gari hupita kila asubuhi kabla ya kuuliza juu ya nguvu-farasi.