Maji ya Ngarambe na Handaki la Madina

Jumamosi usiku, hapa Kajaga, wenzangu hucheza mchezo wa kuigiza vita vya kale. Mchawi hutamka maneno, unga wa jeshi hauishi, ukuta wa boma unaanguka. Ni mchezo, na wote wanajua hivyo.

Mwaka 1905, huko Ngarambe, watu hawakujua. Kinjikitile Ngwale aliwagawia maji, wakaamini risasi za Wajerumani zitageuka maji. Tarehe 30 Agosti maelfu walilivamia boma la Mahenge wakamiminiwa bombomu. Kisha Wajerumani wakachoma mashamba, njaa ikaua wengi wa waliobaki.

Ndugu mmoja aliniambia: "Lakini maji yale yaliunganisha makabila." Kweli. Ila aliyekwenda Mahenge, je, angekwenda kama angejua? Naona alinyang'anywa hiari yake, hata kama aliyemdanganya naye aliamini.

Mtume (s.a.w.) aliahidiwa nusra, lakini hakuwaambia masahaba kwamba mishale haitawapata. Mwaka wa 5 Hijria alikubali shauri la Salman al-Farisi, akachimba handaki pamoja nao, njaa ikiwabana. Ndiyo, mbuzi mdogo wa Jabir na pishi ya shayiri viliwashibisha wote kwa idhini ya Allah. Handaki lenyewe lilichimbwa kwa mikono. Na Saad bin Muadh alipigwa mshale vita hivyo hivyo.

Ng'ambo ya Rusizi, si mbali na hapa, wapiganaji wa Mai-Mai bado hunyunyiziwa maji kabla ya vita. Baadhi yao ni watoto.