Dhati ya Gari Lililoundwa Nyumbani

Katika mwaka wa 1957 Colin Chapman, mhandisi wa Kiingereza aliyeanzisha kampuni ya Lotus, alitoa gari dogo lililoitwa Seven, lenye mifupa ya mabomba membamba ya chuma yaliyolehemiwa pamoja na kuvikwa mabati ya alumini, pasina anasa yoyote. Na kwa kuwa serikali ya Uingereza wakati ule ilitoza kodi ya ununuzi juu ya gari zima lakini haikuitoza juu ya vipande, wateja wengi walilinunua likiwa limetawanyika, wakaliunda nyumbani kwa mikono yao. Sheria haikuruhusu hata kumpa mnunuzi maelezo ya namna ya kuliunganisha, na husimuliwa kwamba kampuni ilimpa badala yake maelezo ya namna ya kulifungua, ayasome kutoka mwisho kuja mwanzo. Nafuu hiyo ilikoma mwaka 1973, ilipoingia kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka huo huo haki ya kulitengeneza gari hilo ikahamia kwa kampuni ya Caterham. Magari ya zama zile yangalipo, na wenyewe wanayafufua mabandani mwao. Na katika kazi hiyo ndimo linamozuka suali ambalo watu wa dini na wa falsafa wamelihangaikia tangu kale: kitu kilichobadilishwa viungo vyake kimoja baada ya kimoja, je, ni kile kile?

Afufuaye gari la namna hii huanza kwa kulivua mabati yake, na aghalabu hapo ndipo majonzi huanzia, maana maji yaliyonaswa baina ya alumini na chuma hula mabomba taratibu kwa miaka mingi, na bomba jengine huoza kutoka ndani ilhali rangi ya nje ingali inang'aa. Palipooza hukatwa, pakalehemiwa chuma kipya. Injini ya Ford yenye vali za ubavuni, ya sentimita za ujazo 1172, yamkini ilikwisha kutolewa na mmiliki wa pili au wa tatu aliyetamani mwendo zaidi. Breki za ngoma zimepisha breki za diski. Nyaya za umeme, viti, tairi na rangi vimekuja na kwenda. Siku gari linapotoka bandani, huenda sehemu kubwa ya maada yake haikupata kuyaona macho ya mtu wa kwanza aliyeliunda, na hata hivyo mwenyewe hulitaja kwa mwaka wake wa kuzaliwa, tena bila ya kusita.

Plutarch, mwandishi wa Kiyunani wa kale, ameeleza kuwa Waathene waliihifadhi merikebu ya shujaa wao Theseus yenye makasia 30, wakizitoa mbao zilizooza na kutia mpya, hata wanafalsafa wakaifanya mfano wa mabishano yao, hawa wakinena kuwa ni ile ile na hawa wakikana. Mwanafalsafa wa Kiingereza Thomas Hobbes, katika kitabu chake cha mwaka 1655, aliuongezea mfano huo fundo zito: lau mtu angeziokota mbao zote zilizotolewa, akaziunda kwa utaratibu ule ule wa kwanza, zingepatikana merikebu mbili, na ipi katika hizo ndiyo ya Theseus? Mwenye gari la kale hawezi kulichukulia fundo hilo kuwa ni mazoezi ya akili tu, kwa sababu chasisi aliyoitupa mmoja huokotwa na mwengine na kulehemiwa, na baada ya miaka hutokea magari mawili, kila moja likidai namba moja na nasaba moja.

Serikali ya Uingereza, isiyoweza kungoja mpaka wanafalsafa wakubaliane, kwa miaka mingi ilijibu kwa hesabu. Gari lililogeuzwa sana lilipewa alama 5 kwa chasisi yake ya asili, 2 kwa springi na viungo vyake, 2 kwa ekseli, 2 kwa giaboksi, 2 kwa usukani, na 1 tu kwa injini. Likifikisha 8, na chasisi ikiwamo, lilibaki na namba yake ya usajili. Yalikuwapo pia, na yangalipo, magari yanayopewa namba yenye kuanzia herufi ya Q, iliyotengwa kwa chombo ambacho umri wake au asili yake haikuthibiti. Tazama jinsi injini, ambayo wengi huidhania kuwa ndiyo roho ya gari, ilivyopata alama moja, na mfupa ukapata tano. Hesabu hiyo hunikumbusha ile hadithi ya Mtume (S.A.W.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, ya kwamba ardhi hula mwili wote wa mwanadamu isipokuwa kifandugu, na kutokana na hicho ataundwa upya Siku ya Kiyama.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alipowajibu wanafalsafa waliokanusha kufufuliwa kwa miili, alikuwa radhi mwili wa marejeo uwe wa maada ile ile au ya nyengine, kwa hoja kwamba mtu ni mtu kwa nafsi yake. Mzee, kwa nyama na mifupa, si yule mtoto wa jana, maana chakula kimebadili vyote, na bado ni yeye. Kwa binadamu hoja hii naiona ni yenye nguvu kuliko zote. Ila gari halina nafsi, na ndiyo sababu wanaolipenda hulazimika kukishika kifandugu chake kwa mikono miwili. Nacho kikisha kulika kwa kutu, wao hushika nini?

Nionavyo mimi, hushika ushahidi. Gari la vipande halikupata kuwa na asili moja iliyokamilika: watu wawili walioletewa chasisi za namna moja waliweza kuunda magari mawili mbalimbali, huyu akitia injini ya Ford, huyu ya Coventry Climax, na wa tatu ya BMC, na hakuna aliyewaambia kuwa wamekosea. Kwa hiyo sikubaliani na wale wanaomlaumu kila abadilishaye breki au injini, kana kwamba ameharibu maandiko. Yeye ni muundaji aliyefuatia waundaji wengine katika kazi ambayo kwa tabia yake iliachwa wazi. Kinacholifanya gari kuwa lile lile ni silsila ya mikono iliyolipokea, kila mkono ukisema kweli juu ya ulichokitoa na ulichokitia, kama wapokezi wa hadithi wanavyotajana mmoja baada ya mwengine. Ndiyo maana jalada la stakabadhi, picha za mabomba kabla ya kukatwa, na majina ya wamiliki waliotangulia, vina thamani kuliko bati la asili lisilojulikana lilikotoka. Afichaye kiraka akapiga rangi juu yake amefanya tadlisi, yaani udanganyifu wa kuficha aibu ya bidhaa, ambayo mafakihi wameikemea katika biashara zote. Na zaidi ya kumpunja mnunuzi, ameikata silsila, wala hakuna fundi awezaye kuilehemu.

Tena kubadilika huku si kwa magari tu: maulamaa wa Kiash'ari walifundisha kwamba sifa za vitu hazidumu nyakati mbili, na kwamba Mwenyezi Mungu huziumba upya kila lahadha. Basi hata jiwe lisiloguswa na mtu, kwa madhehebu hayo, huendelea kuwa jiwe kwa ujuzi na irada Yake tu. Wako waliolistaajabia fundisho hilo. Mimi hulipokea kwa faraja, maana ushahidi juu yangu haumo mikononi mwa wapokezi wenye kusahau na kufa, ilhali gari halina shahidi mwengine ila sisi.

Nayo magari mawili yenye namba moja? Haki ni ya yule ambaye silsila yake haikukatika, hata chuma chake kiwe kipya kwa sehemu kubwa. Na mwenzake, aliyeiokota chasisi ya kale akaifufua kwa ustadi na mapenzi, aandike wazi alipoipata na alivyoitengeneza, aliendeshe gari lake kwa namba ya Q iwapo ndiyo aliyopewa, na jalada lake lianze siku hiyo.